Mratibu Hupewa Meza

Mwalimu mkuu wetu ana tabia yake: akiwa na neno gumu la kukwambia, anakuagizia chai. Kwa hiyo siku aliponiita ofisini nikakuta kikombe changu kimeshamiminwa, na mkate umepakwa siagi pembeni, nikajua leo hapa pana jambo. Nikavuta kiti, nikamwambia, "Mkuu, sema tu. Chai nitainywa nikishajua ni ya nini."

Hakucheka. Alizungusha kikombe chake mezani, akakizungusha tena, halafu akasema, "Zile fedha za michezo tumezipata."

Nikamtazama nione kama anatania. Hizo fedha mimi ndiye niliyezililia miaka nenda miaka rudi. Nilikuwa mwalimu wa michezo wa shule nzima, kuanzia darasa la kwanza hadi la mwisho, peke yangu. Mipira yangu ilikuwa na vipara. Kamba zangu zilikuwa mafundo matupu, mtoto akiruka anajikwaa kwenye fundo kabla hajajikwaa kwa uvivu wake mwenyewe. Upande wa goli la mbali kulikuwa na shimo ambalo mvua ikinyesha bata wangeweza kuogelea. Na huyu mtu ananipa habari ya fedha kwa sura ya msibani.

"Zina masharti," akasema.

Akanisomea. Fedha zinatoka kwenye mfuko wa michezo ya shule za msingi, kwa awamu. Si za kununulia timu moja jezi. Si za kumlipa kocha wa kuja na kuondoka. Ni za kuhakikisha kila mtoto anacheza kila wiki, na kila mwalimu wa darasa anajua kufundisha kipindi cha michezo yeye mwenyewe, ili siku fedha zitakapokwisha, ujuzi ubaki shuleni. Na mpango wa matumizi uandikwe na mwalimu wa michezo.

"Yaani niwafundishe wote kazi yangu," nikasema. "Halafu mimi niende wapi?"

"Huendi popote, mwalimu. Utakuwa mratibu wa michezo. Mratibu hupewa meza."

"Meza niifanye nini mimi, niiruke?"

Hapo ndipo alipotabasamu kidogo, na hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Niliinuka nikaiacha chai pale pale. Nina mdomo, najijua, na nikikasirika nausikia mwenyewe unavyotangulia mbele yangu. Nikamwambia kwamba mfuko wao una akili za kukaa ofisini, kwamba hao walimu wa darasa hata kupuliza filimbi hawawezi, wanaipulizia mate. Nikaufunga mlango kwa nguvu. Nikaenda uwanjani, kwa sababu darasa la nne walikuwa wananisubiri.

Niseme ukweli, maana bila kuusema hamtaelewa nilikasirikia nini. Mume wangu alifariki zamani. Mwanangu ni mmoja, anafanya kazi mji wa mbali, ana mke mwenye adabu na mtoto mdogo ambaye mimi namjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Hunipigia Jumapili. Ananiuliza nimekula nini, mguu unaendeleaje, umeme upo, halafu kunakuwa na kimya, halafu anasema, "Haya mama, tutaongea." Nyumba yangu ni safi kwa sababu hakuna wa kuichafua. Televisheni naifungulia ili kuwe na watu, na taarifa ya habari naijibu. Siku moja jirani alidhani nina mgeni.

Lakini uwanjani niliitwa Mama Filimbi. Nikitokea tu kona ya madarasa na mfuko wangu wa mipira, kuna kitu kama mafuriko kinanijia. Huyu ananishika mkono, huyu anataka kubeba koni, huyu ananionyesha jino lililotoka. Nanuka jasho lao mpaka jioni. Kutwa nzima sikuwa mpweke, na nilikuwa nimeshazoea kwamba kutwa ndiyo maisha, na usiku ni kusubiri tu. Sasa waje wanichukulie kutwa yangu, wanipe meza.

Ningeweza kukataa. Mkuu asingenilazimisha, tumezeeka pamoja pale. Kilichonikwamisha ni nyonga.

Miaka michache kabla ya hapo nilipanda ngazi kufunga ringi ya netiboli, ngazi ikateleza, nikaanguka nikavunjika nyonga ya kulia. Nililala hospitali, nikakaa nyumbani na magongo, muhula mzima ukapita. Niliporudi nilikuta nyasi za uwanjani zimenifika magotini. Hakuna kipindi hata kimoja cha michezo kilichofanyika, kwa sababu mwalimu wa michezo alikuwa mimi na mimi sikuwepo. Nikamuuliza binti mmoja wa darasa la tano walikuwa wanafanya nini vipindi hivyo. Akaniambia, "Tulikuwa tunachora, mwalimu. Mimi nimechora mipira mingi." Alinionyesha daftari kwa furaha zake. Nilimwambia mizuri, nikaenda chooni nikakaa humo mpaka kengele ikalia.

Mkuu hakulitaja hilo ofisini. Hakuwa na haja.

Basi nikauandika mpango. Nilipima uwanja kwa kamba, nikahesabu madarasa, nikaweka kifusi cha kujaza shimo, mipira laini ya watoto wadogo, koni, mikeka ya kupigia sarakasi, kamba mpya zisizo na mafundo, chokaa ya mistari, na fedha ya kuwalipa walimu wa akiba watakaokaa darasani wakati wenzao wako uwanjani wanajifunza. Hapo sikuwa na kosa, hiyo kazi naijua. Lakini kwenye sehemu ya mafunzo nikafanya ujanja. Niliyatandaza mafunzo taratibu, darasa moja, nipumzike, darasa jingine, nifanye marudio, nipumzike tena, mpaka yakafika mwaka wangu wa kustaafu.

Mkuu alisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Mwalimu," akasema, "hawa wa darasa la kwanza watafikiwa lini?"

"Nataka kazi ifanyike kwa utulivu."

"Kwa utulivu huu wewe utakuwa umestaafu na mimi nimeshazikwa." Akanirudishia karatasi na kalamu nyekundu juu yake, kama ninavyowarudishia watoto. Hakuniambia neno jingine. Nilitaka aniambie, ili nipate pa kugombania.

Nikaandika upya nyumbani, mezani jikoni, nimekunja uso peke yangu bila mtu wa kuuona. Mahali palipoulizwa hali itakuwaje baada ya awamu ya kwanza, niliandika kwamba kila mwalimu wa darasa atafundisha kipindi cha michezo mwenyewe, bila kumtegemea mwalimu wa michezo. Niliisoma ile sentensi. Ilikuwa imenyooka, haina kosa, na iliniuma kama jeraha bichi.

Fedha za awamu ya kwanza zikaja, na walimu wakaanza kuletwa uwanjani. Jamani, walimu. Mtoto akikwepa michezo atasema anaumwa tumbo, basi, amemaliza. Mwalimu mzima anakuja na mgongo, viatu, nywele zimesukwa jana, dawa anazotumia, na ndoto aliyoiota. Mmoja alikuja na mwavuli. Nikamwambia aufunge au aufanye goli, achague.

Aliyenishangaza ni mwalimu wa darasa la tatu, tuliyemwita Mwalimu Pole. Ni bonge la mtu, mpole hadi anaudhi, anafanya kila kitu polepole na kwa ukamilifu, hata kufuta ubao. Siku ya kwanza alikuja na kigoda, akakaa pembeni ya uwanja, mikono magotini.

"Mwalimu Pole, uwanja hausomwi kwa kukaa," nikamwambia.

"Najua, dada. Naanza kwa kukuangalia."

Akaniangalia kweli. Namna ninavyoshika filimbi, ninavyowapanga watoto wasigongane, ninavyonyamaza kidogo kabla ya kuhesabu. Siku iliyofuata akainuka kwenye kigoda, akafanya vile vile kama nilivyofanya, na mwili wake wote ule. Wenzake walipoona hata Mwalimu Pole anaweza, wakaona aibu, wakaanza kumuiga yeye. Mwalimu wa darasa la tano, binti mdogo aliyewahi kuchezea timu ya netiboli ya chuo chake na hajawahi kutuambia, akawa anatoka na raba kutoka nyumbani. Kufika katikati ya muhula nilikuwa na walimu, si wabeba miavuli.

Nilijivunia, sitaficha. Na kadiri walivyokuwa wazuri ndivyo nilivyozidi kunyong'onyea.

Siku Mwalimu Pole alipofundisha darasa la tatu peke yake kwa mara ya kwanza, mimi nilikaa kando, nimeagizwa na mpango wangu mwenyewe nisiseme kitu. Kipindi kilienda vizuri. Katikati yake msichana mmoja alianguka akachubuka goti, akainuka analia, anakimbia huku amefungua mikono. Nikainama nimpokee. Alinipita. Alinipita karibu kiasi kwamba nguo yake ilinigusa mkono, akaenda kujibwaga kwenye tumbo la Mwalimu Pole, naye akampuliza goti. Nikabaki nimeinama. Ilinibidi nijifanye nafunga kamba ya kiatu.

Jumapili nikamsimulia mwanangu. Nilimwambia kwamba muhula ujao huenda nisiwe uwanjani tena.

"Sasa mama, si vizuri?" akasema. "Utapumzika."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Umri huo, mama. Na mguu. Utakaa mahali pazuri, utakunywa chai yako." Nikamsikia mtoto analia nyuma yake. "Subiri, nitakupigia baadaye." Nilikaa na simu mapajani. Hakupiga, na simlaumu, mwenye mtoto mdogo ana kazi. Lakini niliumia.

Mwisho wa awamu ya kwanza akaja afisa wa mfuko kukagua. Nilimpenda kwa sababu moja: alikuja amevaa raba. Tuliketi naye kwenye benchi, mkuu upande huu, mimi upande ule, madarasa yakawa yanatoka kwa zamu na walimu wao. Somo la siku hiyo lilikuwa kuruka na kutua. Kamba zimelazwa chini kwa mistari, watoto wanakuja mbio, wanaruka, wanatua, wanaenda nyuma ya foleni.

Darasa la tatu wakaruka. Afisa akawa anatazama huku amenyoosha shingo. Darasa la tano wakaruka. Akageuka kwa mkuu.

"Samahani," akasema, "hawa watoto wote hutua hivi?"

"Hivi vipi?" mkuu akauliza.

Wakatoka darasa la kwanza, vile vitoto vifupi. Cha kwanza kikaruka. Kikatua kwa mguu wa kushoto, kikaukokota wa kulia ukafuata, kikajipigapiga paja la kulia kwa kiganja, kisha kikaondoka. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Foleni nzima: kushoto, kokota, papasa paja. Mwalimu wao mbele yao akawa anawaonyesha tena kwa umakini, anatua, anakokota, anajipapasa. Kule mbali Mwalimu Pole, ambaye zamu yake ilishapita, alikuwa anamrekebisha mtoto mmoja aliyesahau paja.

Mkuu akakohoa. Akakohoa tena kikohozi ambacho si cha ugonjwa.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "ni wewe."

Sikumwelewa. Nilijua kwamba tangu nyonga ivunjike siutegemei mguu wa kulia, lakini niliamini sasa natua kama watu. La kujipapasa paja sikuwahi kulijua kabisa. Hakuna aliyeniambia. Shuleni walidhani najua, na nyumbani hakuna mtu. Ukiishi peke yako hupati wa kukwambia unatembeaje.

Afisa akamwita Mwalimu Pole, akamuuliza kwa upole kwa nini watoto wanajipiga paja. Mwalimu Pole akasimama wima, filimbi shingoni, akajibu kama mwanafunzi aliyesoma, "Ndivyo tulivyofundishwa, afisa. Kwanza kushoto, kisha kulia, kisha paja."

Niliangua kicheko. Mkuu naye, mpaka akatoa leso. Lakini chini ya kicheko kulikuwa na kitu kingine, na Mungu anisamehe, kilikuwa furaha. Niliutazama uwanja ule, watoto wa madarasa yote, wanene, wembamba, wenye viatu na wasio na viatu, na kila mmoja alikuwa anatua kama mimi. Maisha yangu sijawahi kuwa na watu wengi kiasi kile.

Afisa hakucheka sana. Alisema mtoto akizoea kuangushia uzito wote mguu mmoja atakuja kuumia goti, na ni kweli, hata mimi nimefundisha hivyo kwa mdomo. Akasema twende ofisini.

Ofisini kulikuwa na chai. Nikaiona nikakaza moyo. Mwalimu Pole alibaki amesimama karibu na mlango, jasho likimtiririka, hajui kama aingie au atoke.

"Nieleze wazi," afisa akasema. "Mimi natakiwa niandike kama walimu wako tayari au bado. Nikiandika tayari, awamu ya pili inakuja, vifaa vinakuja, na kuanzia muhula ujao walimu wa darasa wanafundisha wenyewe kama mpango unavyosema. Nikiandika bado, fedha zinasubiri mwaka mmoja, na mwalimu wa michezo anaendelea kufundisha shule nzima kama zamani, kwa vifaa mlivyonavyo." Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyewafundisha. Umeona kilichotokea. Wako tayari, au bado?"

Mkuu aliangalia meza. Alikuwa ananiachia, ninamjua. Hata ningesema bado asingenilaumu, leo wala kesho.

Neno lenyewe ni fupi, bado. Nani angenibishia baada ya yale mapaja? Mwaka mzima. Asubuhi natokea kona ya madarasa na mfuko wangu, mafuriko yananijia, meno yanaonyeshwa, jioni nanuka jasho la watu. Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka. Nikamtazama Mwalimu Pole pale mlangoni. Alikuwa ameshajihukumu, uso wake wote umelegea, vidole vinaivua filimbi shingoni taratibu ili asisumbue mtu.

"Irudishe shingoni hiyo," nikamwambia.

Akairudisha.

"Wako tayari," nikamwambia afisa. "Sikiliza. Hawa hawajakosea hata kidogo. Mimi nimewapa mguu mbovu, wakaubeba vile vile ulivyo, wakaufikisha mpaka darasa la kwanza bila kuudondosha njiani. Walimu gani wanaweza hivyo? Wape mguu mzima uone."

"Na huo mguu mzima atawapa nani?" afisa akauliza. "Wewe unaweza kutua kwa miguu miwili?"

"Siwezi."

"Nani anaweza?"

"Mwalimu wa darasa la tano. Binti yule amecheza netiboli. Awaonyeshe wenzake, wenzake wawaonyeshe watoto."

Afisa akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu asiyependa anachosema, kwamba ingekuwa vyema kwa muda watoto wasinione nikionyesha kitu uwanjani, maana wamenizoea, wakiniona watarudia. Nikasema ndiyo, ni sawa. Nilisema haraka kabla moyo haujasikia.

Walipotoka, Mwalimu Pole alibaki nyuma.

"Nisamehe, dada," akasema. "Lile la paja nilidhani ni sehemu ya zoezi."

"Ulidhani kazi yake nini, Mwalimu Pole?"

Akafikiri, kama kawaida yake, mpaka nikadhani amesahau swali. "Nilidhani ni kuushukuru mguu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka yakaendelea kwa sababu zake yenyewe. Alisimama tu pale. Mtu mwingine angeniuliza nina nini.

Meza niliipata. Waliiweka chumba cha vifaa, kando ya rafu ya mikeka mipya, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ni meza nzuri, ina droo mbili, moja inafungika. Mratibu ana kazi, msidhani hana. Mimi ndiye niliyesimamia kifusi mpaka lile shimo likawa historia. Mimi ndiye niliyepanga ratiba hadi darasa lolote lisikose uwanja wiki yoyote, mwalimu akiumwa, asiumwe. Mipira inatoka ikiwa mizima inarudi ikiwa mizima, kwa sababu anayeipokea ni mimi na mdomo wangu. Mpango ule ulifanikiwa. Shule nyingine zilileta watu kuja kuuangalia, na mkuu akawaleta mpaka kwenye meza yangu akasema huyu ndiye mwenyewe.

Ila kutwa nzima nilikuwa nasikia. Ukuta wa chumba kile unapitisha kila sauti ya uwanjani. Filimbi ya Mwalimu Pole ndefu, ya yule mwalimu binti wa darasa la tano fupifupi. Watoto wanahesabiwa, moja, mbili, tatu, kisha kishindo cha miguu. Mwanzoni kishindo kilikuwa kile changu, kimoja kizito na kingine chepesi kinachochelewa, na nilikuwa naacha kuandika ili nikisikilize. Wiki zilivyopita kikawa kinapungua. Darasa hili likaacha, darasa lile likaacha. Mwisho wa muhula mkuu akachungulia chumbani, amefurahi, akaniambia, "Mwalimu, wote sasa miguu miwili. Hata wale wa darasa la tatu."

"Vizuri sana, Mkuu," nikasema. "Hiyo ndiyo kazi."

Siku hiyo nilifika nyumbani nikakaa kitini na viatu vyangu, na televisheni sikuifungua.

Mwaka mpya ukaingia na darasa la kwanza jipya. Wale hawakunijua kama Mama Filimbi, na wa kuwaambia hakuwepo, kwa sababu hakukuwa na haja. Walimu wenyewe walikuwa wanapita mlangoni kwangu wanasalimia, "Mratibu, za leo?" wanachukua mfuko wa mipira wanakwenda. Wazuri wote. Hakuna aliyenikosea.

Siku moja sikuvumilia. Nilifunga droo, nikatoka, nikazunguka kona ya madarasa mikono mitupu. Nilikuwa nimejizuia muda mrefu na nikajiambia sasa basi, wale wa zamani wameshasahau, na hawa wapya hawana cha kukumbuka. Kilikuwa kipindi cha mwisho cha darasa la kwanza. Uwanja ulikuwa tambarare, mistari ya chokaa myeupe, watoto wametawanyika na mipira yao laini, kila mmoja na wake. Hilo nililiandika mimi, kila mmoja na wake. Nikasimama pembeni nikawaangalia. Walikuwa wanaruka vizuri mno.

Mpira ukabingirika mpaka miguuni pangu, na msichana mdogo akaufuata. Sikuweza kuinama haraka, akauokota mwenyewe. Akanitazama, kisha akatazama wazazi waliokuwa wameanza kukusanyika kwenye uzio kungoja watoto wao.

"Bibi," akaniuliza, "umekuja kumchukua nani?"

Nilijibu kwa sauti ndogo. Mimi, mwenye mdomo.

"Sijaja kumchukua mtu," nikamwambia. "Naangalia tu."

Akafikiria hilo. Alikuwa mtoto mwenye adabu, unaona kabisa hataki kunikwaza.

"Basi sogea kidogo, bibi. Umekanyaga mstari wetu. Mwalimu amesema wageni wakae kule."

Akaninyooshea kidole kule uzioni, akangoja ahakikishe nimeelewa. Nikamwambia asante, mjukuu wangu. Nikatoka kwenye mstari, nikaenda uzioni, mama mmoja akanisogezea nafasi, nikasimama na wazazi nikasubiri kengele.